Lori la rimoti: kipi ubadilishe, kipi ukiache kilivyo

Lori la rimoti la kipimo cha 1:10, yaani sehemu moja ya kumi ya urefu wa gari halisi, huwa na uzito wa kilo 2 hadi 3 likiwa na betri yake. Likiruka tuta likatua kwa gurudumu moja la mbele, uzito wote huo unaangukia mkono wa plastiki unaoshika gurudumu hilo, usiozidi unene wa kidole. Mkono ukikatika, mwenye gari hukasirika, akaagiza wa alumini. Mimi nilifanya hivyo. Mkono mpya haukukatika. Kilichopasuka safari iliyofuata ni kiunzi cha mbele kinachoshika mikono yote miwili, na ili kukibadilisha ilibidi nivue shokapu, usukani, difu na karibu nusu ya skrubu za gari.

Tangu siku hiyo, nikilinganisha vipuri viwili huanza na swali hili: gari likigonga, pigo litaishia wapi? Pigo halipotei kwa sababu umeweka chuma. Ukiliziba hapa linafumukia pale. Anayeboresha gari kwa akili huchagua mwenyewe kitakachovunjika, akahakikisha ni kitu cha bei nafuu kinachotoka kwa skrubu mbili tatu.

Plastiki au alumini

Nailoni hupinda ikarudi. Alumini ikipinda imepinda: gurudumu linaanza kutazama pembeni, tairi linalika upande mmoja, shafti inakwaruza, nawe unaweza kuendesha wiki nzima bila kugundua. Mkono wa plastiki ukishindwa hukuambia papo hapo, kwa sababu umekatika vipande viwili.

Kwa mikono ya magurudumu na bampa nachagua plastiki bila kusita, ila si lazima iwe ile iliyokuja na gari. RPM ya Marekani, kwa mfano, imejijengea jina kwa mikono ya nailoni iliyo minene na yenye kunyumbuka kuliko ya kiwandani, na kwa mtu anayerusha gari kila wikendi nafuu yake huonekana upesi. Kipuri cha nailoni kilichokaa sana kwenye boksi kikakauka, kichemshe kwenye maji kwa dakika kadhaa, kisha kiache kipoe humo humo. Nailoni hunywa maji, na ikishayanywa haipasuki kirahisi kama ikiwa kavu. Baridi hufanya kinyume; kipande kilichostahimili msimu mzima wa joto kinaweza kuvunjika asubuhi moja ya baridi kali kwa kugonga jiwe la kawaida.

Hata hivyo alumini ina mahali pake, na mahali penyewe ni pale panapotakiwa kutotikisika au kupitisha joto. Bamba linaloshika mota ni mfano mzuri. Likinyumbuka, meno ya gia yanaachana na kusagana, na likiwa la alumini hunyonya joto la mota na kulitawanya. Vifuniko vya juu vya shokapu navyo: vya plastiki hufyatuka gari linapotua vibaya, oili ikamwagika yote. Kuna pia vile vipande vya pembe sita vinavyokaa nyuma ya rimu, ambavyo kwa magari mengi ya 1:10 huwa na upana wa milimita 12. Vya plastiki vikikutana na mota yenye nguvu huliwa pembe hadi vikawa duara. Hivyo vitatu ningebadilisha hata leo.

Viunzi vya kubeba beringi za magurudumu vina mabishano. Alumini hushika beringi imara zaidi na haitanuki tundu, lakini inapeleka pigo kwenye mkono. Kwa kuwa mkono wangu ni wa nailoni nzuri, nimekubali iwe hivyo nyuma, na mbele nimebaki na plastiki. Kabla ya kulaumu mkono wowote, chomoa pini ya chuma ambayo mkono huo huizungukia na uiviringishe juu ya kioo. Ikidunda imepinda, na shokapu zako hazijakuwa zikifanya kazi ipasavyo.

Mota ya brashi au isiyo na brashi

Hapa ndipo watu hutumia fedha nyingi kuliko popote. Mota ya brashi iliyoenea ni ya umbo la 540, kopo lenye kipenyo cha milimita 36 hivi. Ndani yake vipande viwili vya kaboni hugusa shaba inayozunguka na kuipelekea umeme. Kwa sababu vinagusa, vinalika. Kwa sababu vinalika, mota hiyo ina umri. Kasi yake hutajwa kwa idadi ya mizunguko ya waya: wa 12 hukimbia, wa 27 hutembea kwa utulivu, wa 55 hupanda mawe polepole kwa nguvu.

Katika mota isiyo na brashi, waya umetulia na sumaku ndiyo inayozunguka. Hakuna kinachogusana isipokuwa beringi. Kasi yake hupimwa kwa kV, yaani mizunguko kwa dakika kwa kila volti ikiwa haijabeba mzigo. Mota ya 3500 kV ikipewa volti 7.4 huzunguka mara 25,900 kwa dakika. Ipe volti 11.1 ifike 38,850. Ni mota ile ile, gia zile zile, lakini gari lingine kabisa.

Kwa kasi, ubishi haupo. Ila bei yake si bei ya mota peke yake. Inataka kidhibiti mwendo chake, kwani cha mota ya brashi hakiwezi kuiendesha. Kidhibiti kikishakuwa kikubwa kitatamani betri yenye pumzi. Betri ikishafika, shafti za plastiki zinajisokota, kisha meno ya difu yanaanza kung'oka. Kila kilichokuwa kinatosha jana kinakuwa ndicho dhaifu leo. Ndiyo maana kwa mtu anayejua tangu mwanzo kwamba anataka kasi, nashauri anunue lori lililotoka kiwandani na mota isiyo na brashi. Traxxas Slash, iliyoingia sokoni mwaka 2008, imekuwa ikiuzwa kwa namna zote mbili, na lile la kasi huja na vidhibiti na gia vilivyolinganishwa nalo. Kuunganisha kipande kwa kipande hadi ufike hapo hugharimu zaidi, hata kama mkononi hujisikii ukilipa.

Ambaye hajui bado anataka nini, aanze na brashi. Na anayependa kupanda mawe asione aibu kubaki nayo. Mota zisizo na brashi ambazo hazina sensa, ile inayokiambia kidhibiti sumaku iko wapi, hushtuka-shtuka zikianza kuzunguka taratibu, na juu ya jiwe mshtuko mmoja unatosha kulipindua gari. Mota ya brashi ya waya mingi hutambaa kama kinyonga. Zenye sensa hutatua tatizo hilo, kwa bei ya juu zaidi. Tamiya Clod Buster ya mwaka 1987, yenye mota mbili za 540, moja kwenye kila ekseli, na usukani wa magurudumu yote manne, bado ina watu wanaoijenga upya na kushindana nayo.

Maji ni jambo jingine. Zote mbili zinaweza kulowa na zikaendelea, lakini matope hulisaga brashi haraka sana. Kama mahali unapoendesha ni dimbwi baada ya dimbwi, kubali kuwa mota ya brashi ni kitu cha kubadilishwa kama tairi, au iache.

Gia

Kabla hujanunua mota, jaribu gia. Gia kubwa yenye meno 86 na ndogo ya mota yenye meno 18 hutoa uwiano wa 4.78, weka ndogo ya meno 23 upate 3.74. Gari litakimbia zaidi, lakini mota itafanya kazi ngumu zaidi na itachemka. Wengi husahau kwamba tairi kubwa nazo ni gia. Ukivalisha lori tairi pana za matope bila kupunguza meno ya gia ndogo, umeliongezea mzigo bila kujua, na moshi utakaouona wiki ijayo hautakuwa kosa la mota.

Pima joto la mota baada ya dakika 5 za kuendesha kawaida. Mimi huigeuza nyuzi 80 kuwa ukuta. Ikikaribia hapo napunguza jino moja au mawili. Kidole hakifai kwa kipimo hiki kwa sababu chuma cha nyuzi 60 tayari hakishikiki. Kipimajoto kidogo cha miale kitakuokolea mota zaidi ya moja.

Betri ya nikeli au lipo

Betri ya nikeli, ile ya metali haidraidi, ina volti 1.2 kwa seli. Seli 6 ni volti 7.2, seli 7 ni 8.4. Ni nzito, na nguvu yake hushuka pole pole tangu dakika za mwanzo. Lakini inavumilia. Ukiisahau kwenye kabati mwezi mzima, ukaimaliza kabisa, bado kuna uwezekano mkubwa itaamka.

Lipo, yaani betri ya lithiamu-polima, haivumilii. Seli moja ina volti 4.2 ikijaa, 3.7 kwa wastani, na ikishuka chini ya 3.0 imeumia. Ya seli mbili huitwa 2S, yenye volti 7.4, ya tatu ni 3S, volti 11.1. Inataka chaja inayosawazisha seli, kuchajiwa kwa kiwango cha 1C, yaani ampea 5 kwa betri ya mAh 5000 (mAh ni kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi), na mtu awepo inapochajiwa. Ikivimba, kazi yake imekwisha; usiitoboe wala kuikandamiza irudi. Kwenye kidhibiti mwendo lazima uwashe ule ulinzi unaokata umeme betri inaposhuka, na vidhibiti vingine hutoka kiwandani ulinzi huo ukiwa umezimwa.

Pamoja na masharti hayo yote, lipo ya 2S ndiyo mabadiliko ninayoyathamini kuliko mengine. Ni nyepesi, na gari linakimbia dakika ya mwisho karibu sawa na ya kwanza. Namba ya C iliyoandikwa ubavuni inakuambia uwezo wake wa kutoa umeme: mAh 5000 ya 25C inadai kuweza kutoa ampea 125. Betri kubwa ya C ya wastani huwa bora kuliko ndogo yenye C ya kutisha, maana namba hizo huandikwa kwa ukarimu mno.

Kuhusu 3S, angalia kidhibiti kwanza. Vingi vya mota ya brashi vina mwisho wa 2S na vitaungua.

| Matumizi | Mota | Betri |
|---|---|---|
| Mtoto anayeendesha peke yake | Brashi | Nikeli |
| Kuruka matuta | Isiyo na brashi | 2S. 3S baada ya shafti za chuma |
| Kupanda mawe | Brashi ya waya mingi, au yenye sensa | 2S |
| Matope na madimbwi | Isiyo na brashi | 2S, plagi zikiwa zimepakwa grisi |

Shafti na klachi

Shafti za plastiki zinazoingiana hujisokota zikizidiwa. Za chuma hazijisokoti. Kwa mota ya brashi zile za plastiki ni kinga ya difu, na ningeziacha. Kwa 3S hazina maisha. Ukiweka za chuma, pigo linahamia kwenye meno ya difu, kwa hiyo klachi ya kuteleza iliyo kando ya gia kubwa ndiyo inayobaki kuwa mlinzi. Wapo wanaoikaza hadi mwisho ili gari liruke mbele kwa kishindo. Gari hilo hilo likitua huku mota inazunguka, kitu lazima kivunjike. Kwenye malori mengi hukazwa mpaka springi ibanwe kabisa, kisha hulegezwa nusu mzunguko au zaidi kidogo. Ukiondoka kwa gesi yote, isikike ikiteleza kwa mwendo wa hatua moja, si zaidi. Sauti hiyo ndogo, kama ya kuchana kitambaa, mimi huipenda: ni pigo linaloishia mahali nilipolichagulia.

Sevo

Ile sevo (mota ndogo inayogeuza usukani) ya gia za plastiki inayokuja na gari hung'oka meno mapema, hasa ukiweka tairi nzito. Chukua ya gia za chuma isiyopenya maji. Kwa lori la 1:10, nguvu ya kilo 10 hadi 20 kwa umbali wa sentimita moja inatosha. Kubwa zaidi ni kwa wapanda mawe. Lakini sevo yenye nguvu hunyonya umeme mwingi kutoka kwa kidhibiti mwendo, na umeme ukishuka rimoti hupoteza gari kwa nukta kadhaa. Dalili yake ni gari kuzima au kupoteza usukani unapokata kona gurudumu likiwa limebanwa na jiwe. Dawa yake ni kuipa sevo kigawa umeme chake, badala ya kununua rimoti mpya. Na ile kinga yenye springi kati ya sevo na usukani, iache mahali pake kama unaruka. Wapanda mawe huitoa kwa sababu mwendo wao hauna mapigo ya ghafla.

Beringi

Kama gari lako lina bushi za plastiki, acha yote uliyosoma na uanze hapa. Beringi zilizozibwa kwa mpira hushinda zile za bati kwa yeyote anayekutana na vumbi au maji. Za bati huzunguka kwa wepesi kidogo zaidi, wepesi ambao lori la kilo 3 halitausikia.

Oili ya shokapu: kaza springi au badilisha oili?

Gari likitua na tumbo likapiga chini, mkono wa wengi huenda kwenye springi ngumu. Mara nyingi jibu ni oili nzito zaidi. Springi hubeba uzito. Oili huamua kasi ya kushuka na kurudi. Liangushe gari kutoka urefu wa sentimita 30: likidundadunda, oili ni nyepesi, likikaa chini bila kurudi kwenye kimo chake, ama oili ni nzito mno ama springi imechoka. Linganisha oili kwa cSt (sentistoki, kipimo cha uzito wa oili), maana namba za kawaida hazilingani kati ya kampuni moja na nyingine. Joto la hewa nalo huibadilisha. Oili iliyofaa mchana wa jua itakuwa kama asali alfajiri ya baridi. Shokapu za alumini zenye nyuzi za kurekebisha kimo ni nzuri, ila shokapu ya plastiki yenye oili safi isiyo na mapovu huishinda ya alumini iliyosahauliwa.

Kuosha kwa maji au kusafisha kikavu

Wapo wanaoliosha gari kwa mpira wa maji kila siku, na wapo wasioligusisha tone. Mimi niko karibu na hawa wa pili. Maji yenye nguvu husukuma mchanga kupita sili za beringi na kuingia kwenye difu, mahali ambapo vumbi kavu lisingefika. Tope likiwa bichi, liache likauke, kisha brashi ya rangi na upepo vitaliondoa karibu lote. Kama ni lazima kuosha, toa betri kwanza, tumia maji ya taratibu, kausha kwa upepo mara moja, vua magurudumu na uweke tone moja la oili kwenye kila beringi. Dawa za kupuliza za kufukuza maji hufanya kazi hiyo hiyo tu. Zikishakauka hazilainishi vya kutosha, kwa hiyo tone la oili halina mbadala. Gia kubwa iliyo wazi isipakwe chochote. Grisi hukusanya mchanga na kugeuka msasa.

Nafasi kati ya gia ndogo na kubwa ikague kila unapogusa mota. Pitisha ukanda wa karatasi ya kawaida katikati ya meno, kaza mota, utoe karatasi. Ikitoka na mikunjo bila kuchanika, nafasi ni sahihi. Skrubu zinazoingia kwenye chuma zipake gundi ya kufungia, ile ya bluu inayofunguka. Zinazoingia kwenye plastiki zisipakwe, kwa sababu gundi hiyo hudhoofisha aina nyingine za plastiki mpaka zikapasuka zenyewe. Magari ya Tamiya yana skrubu za msalaba za kiwango cha Kijapani, JIS, na bisibisi ya msalaba ya kawaida huzila vichwa. Bisibisi moja ya kiwango hicho itadumu kuliko gari.

Mwisho wa msimu, shusha lipo hadi volti 3.8 kwa seli, maana ikikaa imejaa huzeeka. Liweke lori juu ya kibao kidogo chini ya tumbo ili tairi zisiguse chini. Sifongo iliyo ndani ya tairi ikibanwa miezi mitatu upande mmoja haitarudi kuwa duara, na gari litakalotikisika mwezi wa kwanza wa msimu mpya litakuwa halina tatizo lolote la shafti.